Jani Lililoruka Kiganjani

Hapo zamani, kabla babu zenu hawajajifunza kubishana, palikuwa na kijiji kando ya msitu. Mtu akishukiwa wizi huko, alishikishwa jani kavu kiganjani ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, upepo usiingie. Jani likitulia, yu safi. Likiruka, ni mwizi, anafukuzwa papo hapo. Aliyemshuku ndiye huliokota jani, na haruhusiwi kuligeuza. Na atakayetia neno jani likiwa kiganjani, kosa linakuwa lake.

Basi mbegu za mtama zikapotea nyumbani kwa Chengo. Mama yake, Bi Mbodze, akamshuku Mbeyu, mke wa Chengo, aliyekuwa akimnyonyesha Kahindi wa miezi mitatu. Bi Mbodze akaenda chini ya mkuyu, penye matunda yaliyochacha, akaokota jani.

Mbeyu akakunjua kiganja bila wasiwasi. Jani likatulia. Watu wakashusha pumzi. Mara, lahaula! Jani likafunguka katikati, likatoa buluu na rangi ya chungwa, likaruka hadi darini!

"Mwizi!" Chengo akafoka, akampokonya mkewe mtoto, akamsukuma nje.

Kesho yake mbegu zikaonekana kwenye shimo la panya. Na lile jani likashuka ukutani, likajifumba. Jani kavu kabisa, lakini lina miguu! Kipepeo, jamani! Nilipohadithiwa hapo nilishika kichwa.

Chengo akakimbilia kwa wakwe. Mbeyu akamjibu, "Baba Kahindi, nitarudi kumnyonyesha mwanangu. Lakini aliyenitoa mle atoke kwanza, na asirudi."

Chengo akamfikishia mama yake maneno hayo. "Mama, jani uliliokota wewe."

"Nilikatazwa kuligeuza, mwanangu. Ningejuaje? Muulize dada yako, alisimama karibu na Mbeyu."

Dada mtu, Kadzo, akaangua kilio. "Niliona kijiguu kikisogea, kaka. Ningetia neno, ningefukuzwa mimi. Lakini mkono uliomsukuma si wangu, ni wako."

"Ni wangu," Chengo akasema. "Ila niliamini nilichokiona, na kijiji kizima kilikiona."

Kahindi amekataa maziwa ya mbuzi. Sauti inamkauka. Watatu hao wanautazama mlango, na hakuna anayeinuka.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo: nani atoke? Semeni upesi, mtoto ana njaa.