Kwa Nini Mkuyu Huficha Maua Yake

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana habari hii haina matangazo katikati.

Enzi hizo miti ilikuwa na miguu. Huku milimani Upare mtu hakupanda mti. Mti ndio uliomtafuta mtu. Ukishamaliza kujenga, ukaezeka, ukafagia uwanja, baada ya siku mbili tatu unaona foleni imejipanga njiani: miti imekuja kuomba nafasi. Kila mmoja na sifa zake. Na mwenye nyumba, hata kama wiki iliyopita alikuwa analala kwa shemeji yake, siku hiyo ni bosi. Anakaa kwenye kigoda, anakunja nne, anafanya intavyuu.

Mrutu alikuwa bosi wa aina hiyo. Kijana wa mikono mizuri ya kazi, ila alikuwa na kasoro moja, alipenda kutazamwa. Nyumba yake aliijenga chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la udongo ambalo maji ya chemchemi hujikusanya usiku kucha, na asubuhi kizibo hufunguliwa ili kila kaya ipate maji ya shamba kwa zamu yake. Mkewe, Nakijwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na wakwe walikuwa wanateremka kumwona mjukuu wao. Na kwa watu wa wakati ule, nyumba isiyo na mti uwanjani ilihesabika kama kibanda cha mbuzi. Kwa hiyo Mrutu alikuwa siriasi kabisa. Alitaka mti ambao baba mkwe akifika kwenye kona ya njia, asimame.

Wa kwanza kuingia alikuwa Isale. Mnamfahamu, mwembamba, majani marefu kama upanga, basi. Watu waliokuja kutazama wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Unazaa nini?" Mrutu akauliza.

"Sizai kitu cha kuliwa."

"Kivuli?"

"Cha kuku mmoja, akibana mabawa."

"Sasa kwenye uwanja wa mtu umekuja kufanya nini?"

"Kukaa mpakani," Isale akajibu. "Mizizi yangu haiendi mbali. Nikiwekwa, nakaa nilipowekwa."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mrutu akajifuta machozi akasema, "Nenda, ndugu yangu. Tutakuita." Na hapa hakuna asiyejua maana ya tutakuita. Kuna watu wana vyeti vyao kwenye bahasha mpaka leo, wanaisubiri hiyo tutakuita.

Kisha akaja Mkuyu. Jamani. Enzi hizo Mkuyu alichanua nje kama miti mingine, na kuliko miti mingine. Maua yake yalikuwa ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji, yamefunika matawi yote, na kivuli chake kiliweza kulaza ng'ombe kumi na mchungaji wao. Mrutu akamuuliza maua yanadumu siku ngapi. Akamuuliza kivuli kinafika wapi. Akainuka kwenye kigoda, akamshika shina kama mtu anayempokea mgeni rasmi.

Jirani yake wa bondeni, Bibi Namkunda, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa chini lakini kishamba chake cha maharage kiligusa ukuta wa ndiva, akauliza kwa upole, "Mwanangu, na huyu mkubwa hivi, umemuuliza anakunywa wapi?"

"Bibi, mti unakunywa mvua," Mrutu akasema, na watu wakacheka tena. "Wewe shughulika na maharage yako."

Wakwe wakaja. Baba mkwe akafika kwenye kona ya njia, akasimama. Mrutu alimwona kwa macho yake, na kwa miezi mitatu alitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Ndipo kiangazi kikaingia. Asubuhi moja Mzee Mgonja, mshika kizibo, akakuta ndiva imejaa nusu. Kesho yake nusu. Keshokutwa chini ya nusu. Kaya za mwisho kwenye zamu zikaanza kupata tope. Watu wakatazama chini ya ukuta, wakaona nani yuko karibu na maji kuliko wote, na hawakuhitaji ushahidi mwingine. Mjane, peke yake, shamba lake lina unyevu. Kazi ya kufikiri ikaishia hapo, fulistopu.

Siku ileile Mrutu alikuwa nyuma ya nyumba akichimba shimo la jivu. Jembe likagonga kitu. Akafukua kwa mikono, akakuta mzizi mnene kama paja la mtu mzima, umelowa, umelala chini ya uwanja wake na kupanda moja kwa moja kuelekea ndiva.

Akamwendea Mkuyu. "Unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kunywa," Mkuyu akasema, maua yote yakiwa wazi. "Kwani kuna siku ulifikiri sinywi?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za maua."

Mrutu akarudi kwenye shimo. Alisimama pale kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kupanda hatua hamsini mpaka kwa Mzee Mgonja. Kisha akaushika udongo, akaufukia mzizi, akaukanyaga, akaenda jikoni akabeba kinu cha mkewe, akakiweka juu yake.

Jioni Nakijwa akauliza, "Kinu kimehamia nyuma lini?"

"Kule mbele kuna jua."

"Chini ya Mkuyu huu, jua limepita wapi?"

Mrutu akainuka, akatoka. Akawa kila akiusikia mchi unatwanga nyuma ya nyumba, anajitafutia kazi ya mbali.

Baada ya siku nne wanakijiji wakakutana kwenye ndiva. Desturi ilikuwa kwamba mwizi wa maji hapigwi wala hafukuzwi. Mdomo wa mfereji wake unazibwa. Kila mkuu wa kaya anachukua donge la udongo, anapita mbele ya watu, analitupa pale. Bibi Namkunda alisema mara moja tu kwamba hajaiba, kisha akawatazama. Mmoja mmoja walipita. Zamu ya Mrutu ikafika. Miguu ilimpeleka yenyewe. Akainama, akafinyanga kidonge kidogo, kidogo kabisa, kana kwamba udogo wake ungemsaidia, akakitupa.

Kishamba cha mjane kikakauka ndani ya wiki. Majani ya maharage yakajikunja kama karatasi iliyowekwa karibu na moto. Mrutu alikuwa anayaona akiwa uwanjani kwake, chini ya kivuli, huku wapita njia wakimsifia maua.

Siku aliyoyang'oa maharage yake, Bibi Namkunda alikuja kwa Mrutu na ungo. Ndani kulikuwa na maharage yasiyozidi konzi tatu, membamba, yaliyokomaa kwa nguvu.

"Ya mzazi," alisema, akimkabidhi Nakijwa. "Ndiyo ya mwisho. Mama anayenyonyesha asikose mchuzi." Kisha akamgeukia Mrutu. "Na wewe mwanangu, nilikuona siku ile. Donge lako lilikuwa dogo kuliko yote. Nikasema moyoni, angalau jirani yangu bado ananihurumia."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Angemtemea mate usoni, Mrutu angejifuta na maisha yangeendelea. Lakini alishukuriwa. Usiku huo mchuzi uliwekwa mbele yake, na kila alipoinua mkono, mkono ulirudi chini. Nakijwa alimtazama, akatazama kule kilipo kinu, akaondoa bakuli. Naye alikuwa ameelewa, na hilo likawa la pili la kuonea aibu.

Asubuhi Mrutu alitoka kwenda ndiva kabla watu hawajaondoka kwenye zamu. Njiani alijaribu kuyapanga maneno. Nilikosea. Hapana, hayo ni ya mtu aliyevunja chungu. Sikujua. Uongo, alijua. Kila neno aliloliokota lilikuwa dogo kama lile donge lake. Akafika kwenye kona ya njia, pale baba mkwe aliposimama, akamkuta Isale. Bado yuko vilevile, amesimama kando kama mtu ambaye hakupewa hata jibu.

"Umekuja kuniita?" Isale akauliza.

Mrutu akainamisha kichwa. "Hapana. Naenda kwa mtu niliyemkosea, na sina maneno."

 Isale alikuwa na haki ya kusema mengi, na wengine katika nafasi yake wangeanza na lile la kuku. Yeye akasema tu, "Tunda sina. Ua la kuonyesha sina. Majani ninayo. Chuma moja, lifunge fundo, limpelekee kwa mikono miwili."

Watu wote walikuwa pale Mrutu alipopiga magoti mbele ya Bibi Namkunda na lile jani.  Hakuna aliyejua maana yake, maana halikuwa na maana kabla ya siku ile. Lakini waliona mtu anayependa kutazamwa amepiga magoti na hataki kutazamwa.

"Maji yako chini ya kinu chetu," alisema. "Tangu kabla ya mkutano. Nilijua."

Mzee Mgonja akamwuliza polepole, "Na donge lako ulilitupa kwa mkono gani?"

Mrutu akauinua mkono wa kulia, ule ule ulioshika jani.

 Bibi Namkunda akalipokea jani. "Nimepokea," alisema. "Maharage hayatarudi. Lakini nimepokea."

Mrutu akaenda kwenye mdomo wa mfereji, akaanza kutoa udongo, donge moja moja. Wengine wakasimama wakimtazama, halafu mmoja akainama, na mwingine, mpaka wote wakawa wameinama, kila mtu akitafuta donge lake bila kumwangalia mwenzake.

Kisha wakateremka wote mpaka uwanjani. Kinu kikaondolewa, mzizi ukaonekana. Kijiji kizima kikainua macho kumtazama Mkuyu, na kwa mara ya kwanza macho yale hayakuwa ya sifa. Mkuyu akaanza kuyavuta maua yake ndani, ua moja baada ya jingine, kama mtu anayejivutia shuka, mpaka kila ua likawa limejifungia ndani ya kitunda na kuziba mlango.

"Unapenda maji," Mzee Mgonja akamwambia. "Nenda yanakotoka. Utayalinda huko."

Mkuyu akapanda mlima taratibu mpaka kwenye chemchemi, na huo ndio mti wa mwisho kuonekana ukitembea. Miti mingine iliposikia, ikaona haya kusimama tena kwenye malango ya watu kujisifu. Mrutu naye hakungoja foleni. Akaenda kwenye kona ya njia, akamng'oa Isale kwa mikono yake, akambeba begani mchana kweupe, watu wakimwona, akampanda mpakani mwa shamba la Bibi Namkunda, pale pale Isale alipoomba kukaa.

Na tangu siku hiyo mti hauombi nafasi. Mtu ndiye huufuata, tena ungali mdogo, na huku kwetu hachimbi shimo uwanjani kabla jirani wa bondeni hajaja kuuliza unakunywa wapi. Tangu siku hiyo aliyekosa na kukosa maneno hupeleka jani la isale lililofungwa fundo. Na mkuyu uko juu kwenye chemchemi, hakuna anayeukata. Ukipasua tunda lake utayakuta maua yote ndani, madogo, yamejaa, yamegeuziana nyuso gizani. Yatazame kidogo tu, kisha yafunike.