Kwa Nini Mikuyu ya Mlare Imepinda Miguu

Ninyi mnaoingia uwanjani kesho mmeniuliza kwa nini mikuyu yote ya chemchemi yetu imepinda pale chini, kama iliyopigwa teke ikiwa midogo. Kaeni niwaeleze. Aibu iliyomo ni ya Mlare, kijiji changu, kwa hiyo majirani zetu wa Kwamgogo wasinicheke sana.

Hapo kale mikuyu ile ilisimama wima, minene, na maji yalitoka mizizini mwake mwaka mzima. Yalikusanyika kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya vijiji vyote viwili. Kila kiangazi kilipoanza, vijana wa Mlare na Kwamgogo walicheza mpira wa magongo, na kijiji kilichoshinda kilijifungulia maji kwanza. Kila mtu alitaka kuwa wa kwanza, maana mahindi hayana subira.

Mlare walikuwa na fundi wa magongo, jina lake Kiangi. Kijiji kilikuwa kimeshindwa miaka minne mfululizo, na mahindi ya mkewe yalikuwa yamekauka mara mbili. Kiangi aligundua kwamba gongo bora halitoki kwenye tawi. Linatoka pale shina linapokutana na mzizi, mahali mti wenyewe ulipojipinda. Lakini ili ulipate, sharti uung'oe mti. Akapanda hadi chemchemini peke yake, akang'oa mkuyu mmoja. Mlare wakashinda. Mwaka wa pili aling'oa mitatu, na wa tatu akamaliza iliyobaki. Hakuna aliyemwuliza miti anaitoa wapi. Nani angeuliza, na ngoma inalia?

Siku ya ushindi wa tatu walikwenda kuzibua ndiva kwa nyimbo na vigelegele. Kiangi mwenyewe alivuta kizibo. Likatoka tope, kisha chura mmoja, kisha basi.

Nyimbo zikakatika. Watu wa Kwamgogo, waliokuwa wakingoja zamu yao, walianza kucheka, halafu wakakumbuka kwamba njaa hiyo ni yao pia. Bibi Nanzia wa Kwamgogo, ambaye ndiye aliyegawa zamu za maji, akachukua gongo la nahodha wa Mlare, akalinusa.

"Huu ni mkuyu wa chemchemini," akasema. "Nani kaung'oa? Semeni. Mficha uchi hazai."

Kiangi akapiga magoti kwenye tope. "Ni mimi, bibi. Nilitaka na sisi tushinde. Sasa nimetumaliza sote."

Vijana wa Kwamgogo wakainua magongo yao wampige. Bibi Nanzia akawazuia kwa mkono. Mkono wa pili ulikuwa unakwaruza gongo kwa ukucha, na utomvu mweupe ukatoka. Kwa pupa yake, Kiangi hakungoja magongo yakauke, hata ganda hakulimenya.

"Bado li hai," bibi akasema. "Mkuyu ukiuchomeka unaota. Twendeni juu."

Walipanda wote hadi chemchemini, washindi na walioshindwa. Magongo kumi na mawili yakachimbiwa kuzunguka chemchemi, kichwa kilichopinda kikiwa chini. Mwaka ule watu walikula mihogo. Kila asubuhi Kiangi aliteka maji mtoni, bondeni kabisa, akapanda nayo, na watu wakamzomea kwamba anamwagilia fimbo. Mimi nampenda kwa asubuhi zile kuliko kwa ushindi wake wote. Magongo manane yalikufa. Manne yakachipua, na baada ya masika mawili udongo chini yake ukaanza kulowa.

Na tangu siku hiyo magongo ya fainali hukatwa kwenye matawi yaliyopinda, nayo huchezewa yakiwa mabichi. Washindi huyapanda chemchemini kabla ya kugusa maji, na walioshindwa huyamwagilia. Siku hizi vilabu vya vijana vinavyoshindana hadi fainali vimefika saba, na ndiva imejaa. Kesho mkishinda, mtarudi kwa mama zenu mikono mitupu. Nawaombea iwe hivyo.