Bakuli la Ukoo wa Shekuwe

Tajiri Shekuwe kila alipoona chombo cha kale alidai ni cha mababu zake, akakibeba. Alishabeba hata mtungi ambao Bi Mize aliachiwa na marehemu mama yake. Siku moja akamnyang'anya Mize bakuli jeusi, lenye masizi. Wakafika kwa kadhi.

"Hili ni letu! Babu yangu alinywea humu!" Shekuwe akaapa.

"Na wewe?" Mize akauliza.

"Tangu utotoni!"

"Basi anywe tena, kadhi, alichukue. Akishindwa, arudishe vyombo vya watu."

Kadhi akakubali. Shekuwe akalijaza maji, akalipakata, akaanza kwanza kusimulia enzi za babu. Hajamaliza, bakuli likalegea, likamporomokea kwenye kanzu, tope tupu.

"Nililifinyanga juzi, nikalipaka masizi, sijalichoma," Mize akasema. "Haya, jifute ukoo, bwana."