Ukuni wa Darini

Nyamazeni, moto bado unawaka, niwaambie.

Siku Shemweta alipozaliwa, zimwi lilimwambia mama yake: "Ukuni huu ukiungua wote, mwanao amekufa." Mama akauficha darini, asimwambie mtu.

Shemweta akakua, akamuua nguruwe mla watu, akaoa, kisha akaongeza mke wa pili. Kwao, bi mdogo huwashiwa jiko kwa ukuni anaouleta bi mkubwa. Namkunda, bi mkubwa, wivu ukimchoma, akapanda dari la mkwewe akachagua ukuni mkongwe, wenye ukungu kuliko kuni zote.

"Utoe moshi, umlize bi mdogo!" akauambia.

Ukawaka, ukawaka, ukawaka. Shemweta akaonja mchuzi, akacheka, akaanguka.

"Ukuni wa mwanangu!" mama akapiga yowe. Lilibaki jivu tupu.

"Dada," bi mdogo akanong'ona, "haukutoa hata moshi."

Namkunda analia mpaka leo, na moshi hakuna.