Unene wa Navoneiwa

Hapo zamani, wala si zamani ya kuwauliza mababu, huko milimani Upare, Navoneiwa aliolewa na Kirangi, mkulima wa tangawizi. Akazaa mtoto wa kike. Tangu hapo akaanza kunenepa, ingawa chakula alikigusa tu.

Kirangi akafurahi. Kwao mke akinenepa, sifa ni ya mume. Akawa anapita naye sokoni makusudi, na watu wakimwambia, "Kirangi, unamtunza," anacheka mpaka jino la mwisho. Navoneiwa akamwambia anasikia baridi hata juani. Akamnunulia sweta.

Mama mkwe, Nankondo, akaona mkwewe anasinzia jikoni na jembe linamshinda.

"Uvivu huu umetoka nao kwenu," akamwambia.

Navoneiwa akaomba aende hospitali. Nankondo akamjibu, "Shamba likiisha kupaliliwa, utakwenda." Na shamba la tangawizi, jamani, lini liliisha?

Nakiete, mdogo wake, akaja kumsalimia. Akaona uso umevimba, akasikia sauti inakwaruza, akayajua maradhi. Yeye mwenyewe alikuwa nayo: tezi yake ya shingo ilikuwa imelegea, akimeza kidonge kila asubuhi kwa siri. Lakini alikuwa anaposwa, na huko posa haikamiliki mpaka wazee wachunguze maradhi ya ukoo. Akamwambia dada yake, "Pumzika," akaenda zake. Inaniuma kulisema hili.

Navoneiwa akafa shambani, jembe mkononi. Daktari akawaeleza: tezi ilikuwa imechoka, mafuta yakajaa kwenye damu, maji yakauzunguka moyo. Kidonge cha kila siku kingemwokoa. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nakiete aliumbuliwa na kifo cha dada yake.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wa marehemu akampakata mtoto, akauliza nani atamlea.

Kirangi akasema, "Ni damu yangu, mjomba. Mama yake nilimpenda. Sikujua."

Nankondo akasema, "Tangu azaliwe namwogesha mimi. Nilidhani namfunza mama yake kazi. Nani aliniambia anaumwa kweli?"

Nakiete akalia. "Hawa hawakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Posa nimeivunja. Lakini maradhi haya yamo katika ukoo wetu. Yakimwanza mtoto, nani kati yenu atayatambua?"

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Wote watatu wakanyoosha mikono.

Je, wewe unayenisikiliza, ungekuwa ndiye mjomba, ungemweka mikononi mwa nani?