Mashua ya Buluu na Sinia la Njugumawe

Hapo zamani za kale, wanangu, mito ikiwa bado haijui daraja ni nini, Pimbi alikuwa akikaa peke yake kwenye jabali moja kando ya mto.

Hakuwa amezoea kukaa peke yake. Mkewe alifariki masika ilipoanza, na watoto wao wawili wakachukuliwa na bibi yao mzaa mama, aliyekaa ng'ambo ya mto, mpaka baba apate nguvu. Kisha mto ukafurika na kuyasomba mawe ambayo wote waliyakanyaga kuvukia. Maji yalipotulia, mawe hayakuwapo tena. Watoto wakabaki kule, baba huku.

Kila jioni walisimama ukingoni wakaitana.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Na nyinyi?"

"Tumekula. Unakuja lini?"

"Nakuja."

Jioni moja yule mdogo hakutokea. Dada yake akaweka viganja mdomoni akapaza sauti: "Hataki kuja. Anasema huyo si baba, ni mwangwi wa mawe tu."

Pimbi akarudi nyumbani, akakaa. Kulipokucha aliutoa mtungi wa asali uliokuwa nyuma ya mafiga. Ilikuwa asali ya mwisho aliyoirina mkewe, na tangu msiba hakuna aliyeionja. Akaufunga mdomo kwa jani la mgomba, akashika njia kwenda kwa Kiboko, muuza mashua kuukuu.

Pimbi hakuwa amepata kumiliki hata mtumbwi. Ukoo wake ni watu wa mawe. Hakuna babu yake aliyepanda kitu kinachoelea. Ila jambo moja alilijua vizuri. Mtungi ulikuwa mmoja. Akinunua vibaya, hakuna wa pili.

Alimkuta Kiboko amejilaza, nusu majini, nusu nchi kavu. Karibu yake Ngiri, fundi wake, alikuwa akikoroga kopo la rangi ya buluu.

"Pole na msiba, mdogo wangu," alisema Kiboko. "Tulisikia. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kutazama, kaka."

"Kutazama ni bure. Umewahi kuendesha mashua?"

"Hapana."

"Kupanda je?"

"Niliwahi kukaa kwenye beseni."

Ngiri akacheka mpaka pembe zake zikagonga kopo, ngo, ngo, ngo. Kiboko hakucheka. Muuzaji akimpata mnunuzi wa namna hiyo hamcheki; humkaribisha kivulini.

"Basi umefika," alisema. "Tazama hii."

Kwenye magogo ilikaa mashua ya buluu, inang'aa kama imezaliwa jana. "Hii ilikuwa ya bibi arusi mmoja," alisema Kiboko. "Alivukia siku ya harusi yake, mara moja tu. Baada ya hapo alikuwa akiifuta vumbi."

"Na ile?" Pimbi aliuliza, akionyesha mashua ya kijivu iliyofungwa kwenye kigingi majini, haina rangi, ubavuni imeota ukungu.

Kiboko akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ile ni aibu yangu. Siwezi kumuuzia mfiwa kitu kama kile. Nitajibu nini mbele ya haki?"

"Lakini inaelea."

"Inaelea kwa mazoea tu."

"Na wewe, kaka, kwenda nyumbani unatumia ipi?"

"Hiyohiyo. Mwenye duka hula makombo."

Pimbi akaomba ruhusa ya kuikagua ile ya buluu, akapanda. Alitazama mbao, akatazama misumari, na hakuelewa chochote. Mbao zilikuwa mbao, misumari ilikuwa misumari. Basi akaacha kutazama asivyovijua, akatafuta anachokijua.

Chini ya kiti palikuwa na kata, kile kibuyu chenye mpini ambacho wavushaji huchotea maji yakiingia chomboni. Pimbi akaichukua, akaigeuza. Mdomo wake ulikuwa umelika upande mmoja, umekuwa mwembamba kama ukucha.

Akaishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nyumbani kwake ulikuwapo upawa uliolika vilevile, upande wa kushoto, kwa sababu aliyeutumia alikuwa akipika kwa mkono wa kushoto. Upawa haufiki hapo kwa kupakua mara moja. Hufika kwa miaka ya kupakua.

"Bibi arusi alikuwa akichota nini?" aliuliza.

"Manukato," alisema Ngiri upesi.

Pimbi akairudisha kata mahali pake. Alipoinama akaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wanapanda ubavuni na kuingia katikati ya mbao mbili, na kila aliyetoka alikuwa amebeba punje nyeupe. Akakwangua hapo kwa ukucha, akaonja. Ulikuwa ugali wa muhogo, umekandwa na majivu na kupakwa rangi juu.

Alishuka akapita kwenye ile ya kijivu kana kwamba anakwenda kunawa miguu. Kata yake ilikuwa imening'inia chini ya kiti. Ndani yake buibui alikuwa ametanda utando, na katikati ya utando ametaga mayai, ametulia kama mtu aliyelipia nyumba yake.

Pimbi akatulia kwenye maji akifikiri. Tangu awe peke yake, masufuria ya nyumbani alikuwa akiyaosha mwenyewe, na kama kuna kitu alichokuwa amejifunza katika msiba ule, ni tabia ya ukoko. Ukoko wa ugali haupigani na maji. Unakaa, unakaa, unajifanya jiwe, kisha unaachia wote kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kutokuwa na haraka.

"Kaka," alisema, "nimeipenda ya buluu."

"Umechagua kiungwana."

"Tule mlo wake basi."

Kwenye mto ule, wanangu, chombo hakikuuzwa kwa maneno ya nchi kavu. Muuzaji na mnunuzi walikaa ndani yake majini, wakala sinia moja. Chakula alileta mnunuzi, na shahidi alitazama. Sinia likiisha, muuzaji alisimama na kusema, "Kimetoka kwangu, kimeingia kwako." Chombo ambamo sinia lilikwisha ndicho kilichouzwa, na maneno hayo hayakurudishwa.

Kiboko aliijua mila hiyo, naye alikuwa amewapitisha wengi humo. Wengi walileta uji. Uji hunywewa mara moja, na ugali wa Ngiri ulikuwa haujapata hata nafasi ya kulowa.

"Lete chakula, mdogo wangu," alisema. "Usijisumbue sana. Hata uji unatosha."

Pimbi akaenda, akarudi na sinia. Juu yake kulikuwa na kilima cha njugumawe za kuchemsha, zote ndani ya maganda yake.

Kiboko alizitazama. Kisha akatazama vidole vyake.

Walimwita Bibi Korongo, shahidi wa mto, naye akaja akasimama kwenye maji haba kwa mguu mmoja. Ngiri akaisukuma mashua ya buluu majini. Kiboko hakutaka ielee mbali, akaifunga ubavuni mwa ile ya kijivu kwa kamba fupi. Wakapanda watatu, maana fundi naye hula.

"Karibuni," alisema Pimbi, akachukua njugu moja. Ka. Akaimenya. Akaitazama. Akaitia mdomoni na kuanza kutafuna, polepole, kama wanavyotafuna pimbi wote mpaka leo.

Kiboko akazoa njugu kiganja kizima, akafungua kinywa.

"Maganda hayaliwi, kaka. Mlo wa heshima humenywa."

"Humenywa," alisema Bibi Korongo.

Kiboko akazirudisha, akabaki na moja. Aliibana kwa vidole, ikaruka, puu, ikamgonga Ngiri kwenye pua.

"Samahani."

"Haidhuru, tajiri."

Wakaendelea. Ka. Ka. Jua likapanda. Pimbi alieleza habari za mkwe wake, na habari za mawe yaliyosombwa, jiwe moja baada ya jingine, akitafuna. Kilima cha njugu kikapungua kama kisichotaka.

Halafu chini ya kiti pakasikika kitu kidogo: bwi, bwi, bwi.

Kiboko akahama, akakaa juu ya sauti.

"Mbona umehama, kaka?"

"Nakimbia jua."

"Mbona jua liko huko ulikohamia?"

"Nimebadili mawazo, nalitaka."

Punde Ngiri naye akajisogeza hadi kwenye kona ya nyuma na kukaa kwa kishindo. "Hapa pana upepo mzuri," alisema, macho yamemtoka.

Ka, alimenya Pimbi. Mbele ya miguu yake mwenyewe, ubao ukaanza kutoa povu. Mguu mkubwa wa Kiboko ukaja taratibu, ukatua hapo.

"Mguu wako umefika kwangu, kaka."

"Nakunyooshea udugu."

"Asante. Ila nasikia unyevu."

"Ni jasho langu. Sisi viboko tunatoka jasho sana."

Pimbi akainama. "Jasho lako lina samaki."

Kweli, dagaa mmoja alikuwa akipita katikati yao, anatalii. Ngiri akamfunika kwa kofia yake. Kiboko akatafuta kuhama tena, lakini sehemu za kuzibwa zilikuwa zimezidi sehemu za mwili wake. Na pale kando, Bibi Korongo alikuwa ameanza kunyoosha shingo, hii ndefu mnayoijua, ili achungulie ndani. Shahidi akiona maji kabla ya mlo kuisha, biashara imekufa, na kabla ya jioni mto mzima ungekuwa na habari.

Hapo Kiboko akapata wazo, na wanangu, wazo linalokuja wakati umekalia tundu si la kuaminika.

"Mdogo wangu," alisema, "jua kali hili. Tuhamie hapo ubavuni, kwenye ile ya kijivu. Imeegemea matete, ina kivuli. Tumalizie humo."

"Nihame na sinia?"

"Njoo na sinia. Fanya haraka."

"Umesikia, bibi?" Pimbi alimwuliza Korongo. "Kaka amesema nije na sinia."

"Nimesikia. Ana sauti ya kutosha."

Pimbi akanyanyua sinia, akaruka, akatua. Kiboko akajiinua, akavuka kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama katikati ya mashua ya kijivu akihema. Mashua ikayumba kidogo, ikatulia. Haikuingia hata tone.

Nyuma yao ile ya buluu ikasema bwaaa.

Kwenye sinia ilikuwa imebaki njugu moja. Pimbi akaichukua, akaimenya, akaila. Hii hakuitafuna sana. Akaliinua sinia, akaligeuza chini juu.

"Limekwisha," alisema.

"Limekwishia wapi?" aliuliza Bibi Korongo, kwa sababu shahidi lazima aulize.

Kiboko akatazama chini, akaona mahali alipokanyaga. Akatazama kiti chake cha kila siku, kilicholainika kwa umbo lake mwenyewe. Akatazama kata yenye buibui.

"Bibi," alisema, "tulikuwa tumekubaliana ya buluu."

"Ya buluu ipi?"

Kiboko akageuka. Mtoni kilikuwa kimebaki kichwa cha Ngiri, na kofia yenye dagaa.

"Tajiri," kilisema kichwa, "niendelee kuziba?"

"Umeshasimama, Kiboko," alisema Bibi Korongo. "Maneno tu ndiyo yaliyobaki."

Kiboko alikuwa mkubwa, angeweza kumfuta Pimbi kwa kiganja. Lakini mto ule ndio uliomlisha, na asiyesimamia mlo wake hakuuza tena chombo kwenye mto. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Kimetoka kwangu, kimeingia kwako."

Wakashuka ukingoni, na Pimbi akauchukua mtungi wa asali aliokuwa ameuacha hapo. Akaupangusa vumbi kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi, akaukabidhi wote, bila kuufungua. Chombo kilikuwa kizuri, na kitu kizuri hulipiwa. Kwamba Kiboko alipata asali bora kuliko aliyostahili, hilo lilikuwa juu ya Kiboko.

Kisha akafungua kamba, akapanda, akashika kasia. Hakujua kulishika. Alizunguka mahali pamoja kama kuku aliyepoteza kifaranga, akaenda juu ya mto alipotaka kwenda chini, akaenda chini alipotaka kuvuka. Lakini chombo hakikumdai chochote ila subira, nayo alikuwa nayo. Buibui alikaa kwenye utando wake safari nzima.

Jua lilikuwa limelala juu ya maji alipogusa ukingo wa pili. Binti yake alikuwa amesimama pale kama kila jioni. Nyuma yake, ameshika nguo yake, yule mdogo alichungulia.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Baba," alisema Pimbi.

Mtoto akasubiri, akisikiliza kama mawe ya ng'ambo yatarudisha neno lile. Hayakurudisha. Pimbi hakuwa amepaza sauti. Hapakuwa na haja tena.

Mtoto akaachia nguo ya dada yake, akaingia chomboni, akakaa karibu na kata.

Nami hapa naifunga hadithi yangu kigingini, na ninachowaachia ni hiki: anayekusifia chombo chake, mwombe akae nawe ndani yake, na msiwe na haraka ya kumaliza kula.