Mngurumo kwa Mluzi

Kitu kikiwa kigeni mkononi, moyo hukifurahia hata kama kinauma. Ndiyo maana ya methali isemayo kipya kinyemi ingawa kidonda. Wengi huitumia kumcheka jirani aliyenunua viatu vya kumbana, akawa anachechemea huku anatabasamu. Wanasahau kwamba kidonda si lazima kiwe cha mguuni, na kwamba kipya si lazima kiwe kimetoka dukani jana. Kuna kipya kilichomzidi umri anayekitamani, na hicho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu huja kimevaa heshima.

Hayo yalimkuta fundi mmoja wa viti vya magari. Watu walimwita Sindano, kwanza kwa kazi yake, pili kwa wembamba wake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati, cherehani nzito dirishani, majora ya ngozi bandia ukutani, na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka kitandani. Nje ya mlango huo aliegesha gari lake, nalo lilikuwa pana kama bwana harusi aliyeshiba: jeusi, boneti ndefu, injini ya silinda nane. Alipoliwasha, bilauri za duka la jirani zilitikisika rafuni. Mtaa mzima ulikuwa umelibatiza jina Ngurumo.

Sindano alilipenda Ngurumo, lakini mapenzi hayo yalikuwa yameanza kupoa. Lilikuwa linakunywa petroli bila haya, kona kali lilizichukia, na hata watoto wa mtaa walishaacha kugeuka kulitazama. Mazoea hayo ndiyo yaliyomfungulia shetani mlango.

Siku moja daktari wa meno alileta gari lake livishwe viti upya. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango miwili, la zamani kweli, la enzi ambazo Sindano alikuwa hajazaliwa. Daktari alilisifu kwa upole, kama mtu anayemsifu binti anayetaka kumwoza. Alieleza kwamba lina turbo, yaani pangaboi dogo linalosukuma hewa ndani ya injini. Mwanzoni ukikanyaga mafuta, gari halina haraka. Kisha turbo inaamka, inapiga mluzi mwembamba, na gari linaondoka kama limetukanwa.

Sindano aliposikia neno mluzi, mkono wake ulisimama juu ya kitambaa. Baba yake, kabla hajaoa, alikuwa dereva wa meneja wa kampuni moja, na gari aliloendesha lilikuwa la aina hiyo hiyo, tena jeupe vilevile. Sindano na dada yake walilijua gari hilo kwa masimulizi tu. Walipokuwa wadogo na kugoma kula, baba yao aliinua kijiko hewani, akabana midomo na kupiga mluzi wa turbo, kijiko kikaja mbio, nao wakafungua vinywa wakicheka.

Viti vilipokamilika, daktari alikuja na wazo lake. Alisema kutwa nzima anasikiliza kile kimashine chake kikilia ndani ya meno ya watu, na akitoka hapo hataki tena kusikia kitu kinachopiga mluzi. Anataka kitu kinachonguruma. Basi wabadilishane, gari kwa gari, pasiwe na wa kumdai mwenzake. Sindano akaomba muda wa kufikiri, ingawa moyo wake ulikuwa umeshajibu.

Alimwendea rafiki yake makanika, akamwambia kila kitu. Makanika alicheka, akafuta mikono kwa tambara, akasema gari kuukuu ni kama mama mkwe: heshima unalipa kila siku, na siku ukisahau utasikia. Vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Sindano akacheka naye, na ushauri wenyewe ukaingia sikio hili ukatokea lile.

Lakini jambo lenyewe halikuwa vipuri. Jambo lenyewe lilikuwa baba.

Mzee alikuwa ameanza kupotea akiwa amekaa kitini. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na akili nayo ikafuata. Aliishi na dada yake Sindano, mkunga wa zahanati, mwanamke aliyepokea watoto wa watu wengi na kisha kurudi nyumbani kumwogesha baba yake kama mtoto. Mzee alimwita nesi. Alimshukuru kwa adabu, akamuuliza kama na yeye ana wazazi. Lakini jioni, Sindano alipotoka karakana na kukunja kona ya mtaa wao, Mzee aliinua kidevu. Mngurumo ukiwa bado mbali, uso wake ulikunjuka, akasema, "Huyo kitindamimba wangu." Baada ya hapo alikubali kula, alikubali kunyolewa, alikubali hata dawa. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo nyumba ile ilikuwa na baba.

Sindano alipomweleza dada yake habari ya gari jeupe, aliieleza kwa furaha. Alisema kumbukumbu za zamani ndizo za mwisho kufa, kila mtu anajua hilo, na kwamba Mzee akiusikia mluzi ule wa ujana wake huenda akili ikarudi hata kidogo. Dada yake alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nashinda naye, namwogesha, namlisha, na ananiita nesi. Wewe anakuita kitindamimba wake. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Si kwa sababu mimi ni mwanawe?"

"Na mimi ni nani, mpangaji? Sura yako haioni. Sauti yako nikimwekea kwenye simu anauliza huyu nani. Anachokijua ni ule mngurumo. Ukiingia ndani, tayari ameshakupokea."

Dada yake hakumkatalia. Alimwomba jambo dogo tu: aliazime lile gari kwa siku moja, aje nalo jioni, wamwone Mzee atakavyolipokea, ndipo aamue. Sindano akaitikia, akasema hilo ni wazo la busara.

Hakulifanya.

Tuseme kweli hapa, maana hadithi isiyosema kweli ni porojo. Siku ya pili yake daktari alimpa ufunguo ajaribu gari, na Sindano angeweza kukunja kona ya kwa baba yake. Badala yake alitoka nje ya mji, akapita maghala, akaifikia barabara iliyonyooka. Akakanyaga mafuta. Gari likasitasita, kisha mluzi ukapanda kutoka chini ya boneti, mgongo wake ukabanwa kwenye kiti alichokishona kwa mkono wake mwenyewe, naye akacheka peke yake kama punguani. Hapo ndipo biashara ilipomalizika. Habari ya Mzee kuponywa na mluzi ilikuwa kilemba tu cha kuvalisha tamaa yake. Mtu akitaka kitu, hakosi wa kumsingizia. Na kule kwa baba hakwenda kwa sababu aliogopa kwamba dada yake alisema kweli.

Kesho yake walikabidhiana funguo juu ya meza ya cherehani. Ngurumo lilipoondoka, bilauri za jirani zililia rafuni kwa mara ya mwisho, na mwenye duka akatoka nje kutazama. Sindano alihisi kitu kikimchoma kifuani, akakiita njaa.

Jioni alikwenda na gari jeupe. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, dada yake Sindano kando na bakuli la chakula mapajani. Sindano alikunja kona taratibu, na Mzee hakuinua kidevu. Alikuwa akichezea kifungo cha shati lake. Basi Sindano, mwenye nia yake, akaacha nafasi mbele, akakanyaga mafuta kwa nguvu, na katika kile kipande cha mwisho cha barabara turbo ikapiga mluzi.

Mzee alisimama. Alisimama mwenyewe, bila kushikwa, jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa muda mrefu. Dada yake akaweka bakuli chini. Mzee alishuka kibarazani akipapasa hewa, akalifikia gari, akaligusa paa, kioo cha pembeni, kitasa cha mlango, kama mtu anayehakikisha kwamba ndugu aliyerudi safari ana viungo vyote.

"Usizime," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu na imara, sauti ya mtu mwingine kabisa. "Gari hili likitoka mbio unaliacha lipumue kwanza. Turbo ikipoa ndipo unageuza ufunguo. Nani kakufundisha kazi?"

Machozi yalimtoka Sindano. Alimtazama dada yake kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi, akatoka nje ya gari, akamshika mzee wake mikono.

"Ni mimi, Baba."

Mzee akacheka kicheko cha kijana. "Baba? Umri huo bado, ndugu yangu. Hata mke sijapata. Meneja ndiye aliyekutuma?"

Dada yake aligeuza uso ukutani. Sindano akafungua mlango, Mzee akaingia kwenye kiti cha dereva na kukaa mgongo wima. Alishika usukani. Kisha viganja vyake vikateremka kwenye kiti, vikafuata mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka mwisho.

"Viti vimeshonwa upya," alisema. "Kazi safi. Fundi wake nani?"

"Ni mimi."

"Una mkono, kijana. Baba yako yuko hai?"

"Yupo."

"Msalimie sana. Mwambie amezaa fundi."

Sindano akasema salamu zitafika. Injini ilikuwa bado inapumua. Mzee mwenyewe ndiye aliyegeuza ufunguo, kwa wakati wake, na kimya kikaingia.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mzee alikuwa na furaha kuliko miaka yote ya maradhi yake. Alikula vizuri, aliimba kidogo, alimfundisha "kijana wa meneja" namna ya kushika gia bila kuisumbua. Majirani walimpongeza Sindano, wakasema amefanya jambo ambalo hata madaktari limewashinda. Naye alishukuru, kila pongezi ikimwingia kama chumvi pabaya.

Mwishowe alimeza aibu akamfuata daktari wa meno. Hakutaka kuvunja mapatano, alisema, alitaka kuliazima Ngurumo kwa jioni moja tu, hata nusu saa. Daktari alikuwa mtu mwema. Alimpa ufunguo papo hapo. Sindano akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akawasha, na hakusikia kitu. Injini ilinong'ona. Daktari akaeleza kwa unyonge kidogo kwamba majirani zake walimjia juu siku ya kwanza tu, ikabidi abadilishe ekzosi, lile bomba la moshi, na kuweka ya kimya. Ile ya zamani ilichukuliwa na wauza vyuma chakavu, na kwa sasa huenda imeshayeyushwa.

Hata hivyo Sindano alilipeleka. Ngurumo lilikunja kona ya mtaa wao kimya, likapita mbele ya benchi kama gari la mgeni asiyejua anakokwenda. Mzee hakuinua kidevu. Sindano alilirudisha kwa daktari, akaweka ufunguo mezani, akasema ahsante, akarudi na gari jeupe.

Alikuta giza linaanza kuingia. Safari hii hakukanyaga mafuta. Aliegesha pole pole na kwenda kukaa kwenye benchi pembeni ya baba yake. Dada yake alimpa bakuli na kijiko, hakusema neno la lawama, na pengine angelisema ingekuwa nafuu. Mzee alikuwa katika mojawapo ya dakika zake chache za kurudi. Alikuwa amegeuza uso upande wa kona.

"Nesi," aliita, "kitindamimba wangu mbona haji siku hizi?"

"Atakuja, Mzee," dada yake alijibu.

"Alikuwa anakuja kila jioni. Nilikuwa namsikia." Akachezea kifungo cha shati lake. "Au nilimkosea?"

Sindano alikuwa karibu naye kiasi cha kugusana mabega. Alitaka kusema, akajua kwamba lolote atakalosema litakuwa sauti ya mtu asiyejulikana. Akainua kijiko. Kikasogea mpaka midomoni mwa Mzee, na Mzee akaifunga, akageuza kichwa kama mtoto aliyegoma.

Basi Sindano akabana midomo yake mwenyewe, akapiga mluzi ule mwembamba unaopanda, na kijiko kikaja mbio. Uso wa Mzee ukang'aa. Kona ikasahaulika, na mwana aliyekuwa akisubiriwa akasahaulika nayo. Alicheka kwa raha, akafungua kinywa, akala yote mpaka bakuli likaisha, huku fundi akimfuta kidevu na kujiuma mdomo. Kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda.